Amezama, Ametekwa, Amelishwa Nini?

Hoja, Elwak: aliyevutiwa na mwenzake kupita kiasi aitwe nani? Mpenzi, mgonjwa au mwenye tamaa?

MWALIMU WA KISWAHILI: Tuanze na watu wasiopepesa macho. Kihispania kina kivumishi encoñado. Ni neno la mtaani, hulisemi mbele ya baba mkwe, maana limetolewa kwenye jina chafu la uchi wa mwanamke. Huitwa hivyo mwanamume aliyenaswa na mwili wa mwanamke mmoja mpaka hashauriki: mshahara unakwenda huko, usingizi umekwenda huko, marafiki hawamwoni. Lakini Mhispania huyohuyo akitaka kusema kijana amependa kwa moyo, atasema enamorado. Aliyeshikwa na matamanio ya kupita ni encaprichado. Aliyepofushwa na uzuri wa sura ni encandilado. Hali nne, majina manne. Sisi hapa, kijana akikonda kwa ajili ya binti wa watu, tuna jina moja tu la kumtupia: tamaa.

USTADHI: Na ndilo jina lake. Umelieleza neno la Wahispania hadi ukalifunga mwenyewe, Mwalimu. Ndani yake kuna mwili. Hakuna mke, hakuna nyumba, hakuna mtoto wa kusomeshwa. Kwa nini tuvuke bahari kutafuta tusi ilhali tuna maneno yetu? Kiarabu kina ishq, nyinyi wa pwani mkalifanya ashiki, Wasomali wakasema caashaq. Wanalugha wa kale walilihusisha na mmea unaotambaa na kuuzonga mti mpaka mti ukanyauka. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliandika juu ya ashiki kama tabibu aandikavyo juu ya homa: chanzo chake, madhara yake, dawa yake. Hakumtukana aliyeshikwa nayo. Ila hakumpongeza pia.

MWENDESHA BODABODA: Mgonjwa hupelekwa hospitali, Ustadhi. Sisi tunapelekwa kwenye maslaha, wazee wakae chini ya mti wahesabu ngamia wa faini. Mimi sina shida na kuitwa mgonjwa. Shida yangu ni daktari anayekuja na kiboko.

MAMA WA MAZIWA: Ngamia wanahesabiwa kwa sababu kuna mtu alitoroka na binti wa watu usiku, mwanangu. Usituletee mwisho wa hadithi ukaficha mwanzo.

MWENDESHA BODABODA: Wanatoroka kwa sababu wakisema mchana wanaitwa wahuni! Mama, unajua inavyokwenda. Wawili wanapendana, kwao msichana wamekataa. Labda ni ukoo, labda mfuko wa kijana ni mtupu. Wanapanda gari la alfajiri, wanakwenda mbali, umbali ambao msafiri anafupisha swala, wanamtafuta sheikh asiyewajua, anawaozesha. Wasomali wameipa ndoa hiyo jina kabisa, masaafo. Hakuna anayeifunga kwa kupenda vumbi la barabara ya Wajir. Kama kijana angekuwa na neno la heshima la kumwambia mzee, aseme "Baba, nimezama kwa fulani", wasingekwenda popote.

MAMA WA MAZIWA: "Nimezama." Na baba akujibu nini? Aliyezama hutolewa majini kwanza, hapewi mke.

(Hata Ustadhi alicheka hapa, na si mwepesi wa kucheka.)

MWALIMU WA KISWAHILI: Mama amegusa penyewe. Tazameni Kiswahili kinavyomweleza mtu huyu. Kivumishi cha neno moja hatuna, tunatumia kitenzi. Amezama, amezimika, amezuzuka, amedata, amepagawa. Kupagawa ni kuingiwa na pepo. Majununi, neno tulilolipata kwa Waarabu, wenzetu waliompa Qays, mpenzi wa Layla, jina hilo, ni mtu aliyeingiwa na jini. Hakuna hata moja hapo linalomlaani. Yote yanasema kuna jambo limempata. Lugha imemhurumia kabla wazee hawajamfikia. Lakini ukisema tamaa, umeshatoa hukumu, kesi haijasikilizwa.

MUUGUZI: Samahani, Mwalimu. Kama kuna jambo limempata, nani amemletea?

MWALIMU WA KISWAHILI: Kivipi?

MUUGUZI: Ametekwa. Na nani? Amenaswa. Mtego ni wa nani? Huko pwani kwenu, mume akimsikiliza mkewe kuliko anavyomsikiliza mama yake, mtaa unasema amelishwa limbwata. Nani alilipika? Na hilo neno la Kihispania mlilolianza nalo, limeutaja uchi wa mwanamke ili kueleza kilichoharibika kichwani mwa mwanamume. Mnasema lugha imemhurumia. Ndiyo, imemhurumia yeye. Mwenzake imemshitaki.

MWENDESHA BODABODA: Dada, hakuna aliyemshitaki mtu hapa.

MUUGUZI: Hakuna? Msichana akipita sokoni, ukamgeukia, pikipiki ikaingia mtaroni, jioni kijiweni utasimuliaje? "Yule ameniua." Na yeye alikwenda kununua nyanya.

USTADHI: Hapo binti yangu amesema kweli. Ndiyo maana Surat an-Nur inapoamrisha macho yainamishwe inaanza na wanaume, aya ya 30. Wanawake wanafuata katika aya ya 31. Sisi tumezoea kuisoma ya pili kwa sauti kubwa na ya kwanza kwa kunong'ona. Lakini binti, umenisaidia mimi, hukumsaidia Mwalimu. Ukitaka mwanamume abebe mzigo wake, mwite mwenye tamaa. Tamaa ni yake. Hakuna aliyempikia.

MWALIMU WA KISWAHILI: Ustadhi, umeteleza kwa ustadi mkubwa. Basi nikuulize juu ya mwanachuoni mwenzako. Ibn Hazm alizaliwa Cordoba mwaka 994, katika Uhispania hiyohiyo ilipokuwa Andalusi. Alikuwa faqihi, mkali wa dini, mtu wa kubishana na kila mtu. Akiwa bado kijana, katika mji wa Xàtiva, akaandika Tawq al-Hamama, kitabu kizima juu ya kupenda: jicho linavyoganda kwa mpendwa, mwili unavyokonda, usingizi unavyotoweka, barua zinavyofichwa. Hakuona haya. Kama faqihi wa karne ya 11 aliweza kulieleza jambo hili kwa utulivu, sisi tunaogopa nini?

USTADHI: Kimalizie kitabu. Milango ya mwisho inazungumzia ubaya wa maasi na fadhila ya kujizuia. Watu hukisoma mpaka kwenye barua zilizofichwa, wakakifunga.

MWENDESHA BODABODA: Na Elmi Boodhari je? Naye alikuwa mwenye tamaa? Alifanya kazi katika duka la mikate kule Berbera, akampenda Hodan, hakumgusa, akatunga mashairi mpaka akafa nayo mwaka 1941. Msomali yeyote, wa Hargeisa au wa Garissa, ukimtajia jacayl, yaani mapenzi, atakutajia Elmi. Huyo alijizuia, Ustadhi. Kuna hadithi inasema aliyeashiki akaficha na akajihifadhi, akifa amekufa shahidi.

USTADHI: Hadithi hiyo ni dhaifu. Ibn al-Qayyim mwenyewe aliikataa. Usimpe mtu daraja ya shahidi kwa sanadi iliyovunjika.

MAMA WA MAZIWA: Na msidhani Elmi alishangiliwa enzi zake. Alichekwa. Ushairi wa wanaume wa wakati ule ulikuwa wa ngamia, wa vita, wa kujibizana kati ya koo. Mwanamume mzima kulia hadharani kwa ajili ya msichana, watu waliona aibu kumsikiliza. Walimpenda alipokwisha kufa.

MUUGUZI: Na Hodan?

MWENDESHA BODABODA: Hodan kafanya nini?

MUUGUZI: Hilo hasa ndilo swali langu. Mashairi ya Elmi nimeyasikia tangu nikiwa mdogo. La Hodan sijasikia hata moja. Kwa mujibu wa wasimulizi, alipita dukani kununua mkate, na baadaye akaolewa na mtu mwingine. Basi. Zaidi ya miaka 80 sasa jina lake linatajwa kama jina la kisu. Kuna aliyewahi kuuliza kama naye alimtaka? Kama hakumtaka, kisa kile si cha mapenzi ya watu wawili. Ni kisa cha mtu mmoja.

(Ningependa kusema bodaboda alipata jibu la haraka. Hakupata.)

USTADHI: Mna kisa cha karibu zaidi na mmekiacha. Barira alikuwa mjakazi, akaachwa huru, na uhuru wake ukampa hiari juu ya mumewe Mughith, ambaye bado alikuwa mtumwa. Akachagua kumwacha. Mughith akawa anamfuata katika njia za Madina, analia mpaka machozi yanalowesha ndevu. Bukhari amelipokea hilo. Mtume, rehema na amani zimshukie, akaona ajabu jinsi yule anavyopenda na huyu anavyochukia. Akamwombea Mughith kwa Barira. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akaambiwa si amri, ni ombi tu. Akasema hana haja naye. Na hapo pakaisha. Kijana, umesikia? Machozi hayakuwa hoja.

MWENDESHA BODABODA: Nimesikia. Na nimesikia pia kwamba hakuna aliyemwita Mughith mhuni, wala hakuna aliyemtoza ngamia.

MUUGUZI: Na mimi nimesikia kwamba Barira aliulizwa. Aliyekuwa mjakazi jana, leo ana mkubwa wa umma wote mbele yake, na bado jibu linangojwa kutoka kinywani mwake. Mabinti wa hapa, Ustadhi, ambao hawajawahi kuwa watumwa wa mtu, wanaulizwa?

USTADHI: Wanaulizwa. Na sheria imewahurumia wenye haya: bikira akinyamaza, kimya chake ni idhini.

MUUGUZI: Kimya cha haya, ndiyo. Kimya cha hofu nacho? Kimya cha msichana ambaye shangazi wawili wameketi mlangoni na mahari imeshapokewa? Vyote viwili havina sauti, Ustadhi. Unavitofautishaje?

USTADHI: Kwa kumtazama anayenyamaza. Anayelia si sawa na anayeinamisha kichwa kwa kuona haya, na mafaqihi wamelijadili hilo kabla yetu.

MAMA WA MAZIWA: Mimi nilinyamaza. Niliozwa mtu niliyeuona uso wake siku ya harusi. Hatukuwa na kuzama wala kuzimika. Tulikuwa na ngamia, na visima hivi mnavyoviona vikiupa mji jina, visima vya Waaq, Mungu alivyoitwa na wazee kabla ya Uislamu kufika. Tumeteka maji pamoja. Mwaka wa nne nikajikuta nasikiliza kama anarudi. Kwa Kiborana nikaambiwa hiyo ndiyo jaalala. Msiniambie mapenzi hayaji kwa njia hiyo.

MWENDESHA BODABODA: Na kama mwaka wa nne usingefika, Mama?

MAMA WA MAZIWA: Wengine haukuwafika. Nawajua. Lakini nawajua pia waliotoroka wakiwa wamezama, na mwaka wa pili mmoja amerudi kwa mama yake na mtoto mgongoni.

MUUGUZI: Mwaka wa pili hausemi uongo, shangazi. Mwaka 1999 Donatella Marazziti na wenzake wa Pisa, Italia, walipima damu ya watu 20 waliokuwa wameanguka kwenye mapenzi karibuni. Kwenye chembe zao za damu, mahali panaposhikwa kemikali ya serotonini palikuwa pamepungua, kiasi cha kufanana na wagonjwa wanaorudiarudia fikra moja bila kuweza kuiacha. Baadhi walipopimwa tena baada ya mwaka na zaidi, damu ilikuwa imerudi kawaida. Miaka 20 kabla yake, Dorothy Tennov wa Marekani aliandika kwamba hali ile kwa kawaida hudumu kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu. Kwa hiyo Ibn al-Qayyim hakukosea sana kuiweka kwenye maradhi. Ila ni maradhi yanayoshika wanawake pia, na hilo ndilo hatulisemi.

USTADHI: Basi nimeshinda. Ni maradhi, yana muda, yanapona. Nyumba haijengwi juu ya homa.

MWENDESHA BODABODA: Hukushinda, Ustadhi. Mtume alimwambia Mughira ibn Shu'ba akamtazame mwanamke aliyetaka kumposa. Kama mvuto hauna kazi katika ndoa, alikwenda kutazama nini? Rangi ya mlango?

USTADHI: Kutazama ni kufungua. Nyinyi mnataka kutazama kuwe kumaliza.

MWALIMU WA KISWAHILI: Hapo Wahispania wangewapatanisha. Wana vitenzi viwili vya "kuwa": ser kwa kile mtu alicho, estar kwa hali aliyomo. Aliyependa na aliyepagawa, wote kwa kawaida husemwa kwa estar. Yumo katika hali hiyo. Kesho huenda akatoka. Na -me- yetu inafanya kazi iyo hiyo: amelala, amekasirika, amezama. Anayeamka hatumwiti mlalaji. Kwa hiyo bodaboda asitudai mke kwa sababu leo amezama, na Ustadhi asimwandikie tabia ya maisha kwa hali ya mwaka mmoja. Mwenye tamaa ni tabia. Amezama ni hali. Hapo ndipo ninapolikataa neno la Ustadhi.

MUUGUZI: Vizuri. Sasa niambieni, msichana akisema "nimezama", ataitwa nani?

(Kimya. Cha aina gani, msomaji aamue.)

MAMA WA MAZIWA: Ataambiwa hana haya.

MUUGUZI: Asante, shangazi. Mwalimu, Kihispania kinambadilishia mwanamke mwisho wa neno: enamorado, enamorada. Kiswahili hakijui hata hilo, "amezama" ni kwa wote. Lugha imetupa usawa bure na sisi tumeukataa. Mvulana akizama anaonewa huruma, anatungiwa nyimbo, rafiki zake wanamchangia mahari. Dada yake akizama, simu inachukuliwa, meseji za sauti zinasikilizwa na kaka wote, na kabla ya mwezi kuisha ameshatafutiwa mume. Hata kitenzi kinamsubiri: mwanamume anaoa, yeye anaolewa. Mnabishana jina la heshima la nani?

USTADHI: Binti, haya ni pambo la mwanamke na la mwanamume. Usinifanye nikaonekana natetea kaka wanaosikiliza simu.

MUUGUZI: Sikufanyi hivyo. Nakuuliza kuhusu Bibi Khadija. Si ndiye aliyetuma mjumbe kwa Mtume?

USTADHI: Ndiye. Alimtuma Nafisa kwenda kuulizia. Lakini aliona uaminifu wa mtu aliyesimamia mali yake mpaka Sham na kurudi. Hakupagawa.

MUUGUZI: Sikusema alipagawa. Nasema alitaka, akasema, na hakuna aliyemwambia hana haya. Na Surat Yusuf nayo, pale wanawake wa mji walipomzungumzia mke wa Aziz, neno lililotumika linagusa shaghaf, ule utando unaoufunika moyo. Kitabu kimeeleza ashiki ya mwanamke mpaka mahali ilipoingia. Kosa lake kimelitaja pia, sawa. Lakini hakikujifanya hisia yake haipo.

USTADHI: Hapo sina la kukupinga, na sitatafuta. Ila mniache na mpaka wangu: hisia haina dhambi, kuifuata ndiko kwenye hesabu. Yusuf alikimbilia mlangoni. Vijana wetu wanakimbilia stendi.

MWENDESHA BODABODA: Watakimbilia stendi mpaka mlango wa nyumbani ufunguke. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 45, inasema ndoa ni kwa hiari ya pande zote mbili. Kwa hiyo nisipotaka kulazimishwa, nimekubali na mwenzangu asilazimishwe. Nalisema hili nikiwa najua linanigharimu. Ya Barira imenikaa kooni. Nikipeleka posa nikakataliwa na baba yake, nitalalamika kwa wazee. Nikikataliwa na yeye mwenyewe, nitapeleka pikipiki gereji na kunyamaza.

MAMA WA MAZIWA: Kabla ya gereji, peleka posa kwanza. Naona umeruka hatua.

MWALIMU WA KISWAHILI: Na lile la Kihispania?

USTADHI: Lile halitaingia madrasa yangu, wala lisikaribie darasa lako. Ama kuhusu kimya, nimesikia. Binti atakayeletwa mbele yangu, kama niko mimi kwenye ile ndoa, nitamtuma mama mtu mzima akamuulize faraghani, shangazi wakiwa nje, kaka wakiwa nje, na nitangoja jibu la maneno. Akisema hapana, sitaandika. Wazee watakasirika. Waje kwangu, wasiende kwake.

MUUGUZI: Nami nawaomba wazazi wa Elwak jambo dogo kuliko hilo. Mkisikia mwanenu wa kike amempenda mtu, kabla ya kuichukua simu yake, muulizeni ni nani.